Vyombo vya Abati Suger

Huenda ukadhani, ewe msomaji, kwamba chombo cha thamani ndicho kitunzwacho kuliko vyote. Historia ya makanisa ya Ufaransa yaonyesha kinyume chake.

Vikombe vingi vya misa huko vilifuliwa kwa fedha, kisha vikapakwa dhahabu. Fundi alichanganya dhahabu na zebaki, akapaka juu ya fedha, akatia motoni. Zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo ni sumu, na waliouvuta walidhurika. Jasho lao halikuhesabiwa serikali ilipohitaji fedha. Mwaka 1689 Mfalme Louis XIV aliamuru hata samani zake za fedha ziyeyushwe zigharimie vita; na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1789 ikawa zamu ya makanisa.

Sasa mtazame Suger, abati wa Saint-Denis tangu 1122 hata 1151. Alitwaa mtungi wa jiwe la zambarau la Misri, uliokaa bure sandukuni miaka mingi, akautia kichwa, mabawa na miguu ya tai, vyote vya fedha iliyopakwa dhahabu. Kikombe cha kale cha akiki nacho alikivisha ukingo na kitako cha namna hiyo. Vikombe vya fedha tupu viliyeyushwa kwa wingi. Vyombo hivi viwili vikasalimika, kwa kuwa jiwe haligeuki sarafu, na wataalamu waliuthamini ukale wake. Suger hakulikusudia hilo. Tai yuko Louvre, Paris. Kikombe kiliibwa mwaka 1804, kikavuka bahari, na leo kiko Washington.