Habari za Tamko la Geneva: Jinsi Chama Kimoja Kilivyoandika Kusudi Lake

Kila chama cha watu kina kusudi lake, hata kama halijaandikwa. Chama cha kuzikana, umoja wa akina mama, kamati ya shule, vyote vyajua vilianza kwa haja gani. Lakini siku huja ambapo kusudi lazima litiwe katika maneno, ili wajao nyuma walijue, na wenye kutoa mali yao waone inakokwenda. Siku hizi maneno hayo huandikwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza huitwa dira, nayo yaonyesha hali tunayotamani kuifikia. Ya pili huitwa dhima, nayo yataja kazi tunayojitwika ili tufike huko. Wengi hudhani ni shughuli ya karani kwa alasiri moja. Sisi twaona sivyo, na kwa sababu hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za chama kimoja ambacho maneno yake machache yameenea dunia nzima.

Vita Kuu ilikoma mwezi wa Novemba 1918, lakini njaa haikukoma. Manowari za Uingereza na wenzake ziliendelea kuifunga bahari kwa miezi mingi, chakula kisiwafikie walioshindwa, na katika mji wa Vienna watoto wengi walidhoofu hata mifupa yao ikapinda. Wakati huo walikuwapo Uingereza wanawake wawili, ndugu wa tumbo moja, Dorothy Buxton na Eglantyne Jebb. Eglantyne alizaliwa mwaka 1876. Alisoma historia huko Oxford, akafundisha kwa muda mfupi shule ya watoto wadogo mjini Marlborough, na mwaka 1913 alipeleka msaada Makedonia kwa watu walioteswa na vita vya Balkani.

Mwaka 1919 aligawa karatasi katika uwanja wa Trafalgar, London, zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa. Karatasi hizo hazikuwa na kibali cha serikali. Akakamatwa, akashtakiwa, akatozwa faini ya pauni 5. Na yasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe alimpa pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Kisha tarehe 19 Mei 1919, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, chama kikatangazwa mbele ya watu wengi. Kiliitwa Save the Children Fund, maana yake Mfuko wa Kuokoa Watoto.

Jina hilo lenyewe ni dhima kamili. Lataja kazi, ndiyo kuokoa. Lataja wanaofanyiwa kazi, ndio watoto. Ila halikutaja watoto wa nani, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wazazi waliozika wana wao waliuliza kwa uchungu, Je, fedha yetu ikawalishe watoto wa adui? Lingeongezwa neno moja tu, kwamba ni watoto wa taifa letu, manung'uniko yangalinyamaza. Hawakuliongeza. Papa Benedikto XV naye aliwasikiliza, na kwa barua ya tarehe 24 Novemba 1919 aliagiza sadaka ikusanywe makanisani tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi. Mwezi wa Januari 1920 ukaundwa huko Geneva umoja wa vyama vya nchi mbalimbali kwa kazi hiyo hiyo. Na njaa kuu ilipoingia Urusi mwaka 1921, nchi ambayo serikali yake Waingereza wengi waliichukia, chama kililisha watoto wapatao 300,000 kila siku katika jimbo la Saratov.

Twaomba msomaji aangalie utaratibu huo. Walifanya kazi kwanza kwa miaka minne. Maneno makubwa yalikuja baadaye. Bibi Jebb alikuwa ameona kwamba habari za njaa zikipungua magazetini, michango nayo hupungua, na kwamba chama kinachotegemea huruma ya mwaka mmoja hakiwezi kudumu. Palihitajiwa neno litakalosimama hata huruma itakapopoa. Yasemekana alipanda mlima wa Salève, karibu na Geneva, akaandika huko. Mwaka 1923 ule umoja ulikubali maandiko yake, yenye utangulizi na vifungu vitano tu.

Utangulizi wasema kwamba wanadamu wote wana deni kwa mtoto, pasipo kuangalia rangi, taifa wala dini. Kisha vifungu vyafuata: mtoto apewe njia ya kukua vema, mwili na roho, mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliye nyuma asaidiwe, aliyepotoka arudishwe, yatima apewe makao, siku ya shida mtoto awe wa kwanza kusaidiwa, afundishwe kujipatia riziki, tena alindwe asinyonywe, na alelewe akijua kwamba vipawa vyake ni vya kuwatumikia wenzake. Mtu aweza kuyajifunza kwa moyo baada ya kuyasikia mara tatu. Tarehe 26 Septemba 1924 Ushirika wa Mataifa uliyapokea kuwa yake. Bibi Jebb alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, mwenye umri wa miaka 52.

Lakini wahenga walisema, Ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa sawasawa. Katika miaka hiyo hiyo watoto wa Vienna walipokonda, watoto wa Ugogo walikuwa wakifa. Majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana, na njaa ya miaka 1917 hata 1920 wazee wa Kigogo waliiita Mtunya. Picha za watoto hao hazikugawanywa London. Neno lilisema watoto wote, lakini macho yaliishia Ulaya.

Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha kuandikwa, wala halikuweza kufutwa. Kwa kuwa lilisema rangi isiangaliwe, wenye chama walilazimika kuuliza habari za Afrika. Na mwezi wa Juni 1931 ule umoja uliitisha mkutano Geneva juu ya watoto wa Afrika, kunena habari za vifo vya wachanga, kazi za watoto, na elimu. Waafrika wenyewe walioitwa walikuwa wachache mno, na hilo nalo lilikuwa kosa. Bali mlango ulifunguliwa. Mwaka 1959 Umoja wa Mataifa ulivipanua vifungu vitano vikawa kumi. Mwaka 1989 ulifanya mkataba wenye vifungu 54, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991.

Basi, walimu na wenye vyama wanapokaa kuandika dira na dhima, wasitafute kwanza maneno ya kupendeza. Watazame kazi waliyokwisha kuifanya, wainene kwa ufupi ambao bibi asiyejua kusoma aweza kuukariri. Tena wasikate kipimo kwa ukubwa wa mfuko wao wa leo. Neno lililo pana kuliko matendo yetu hutuaibisha, ni kweli. Lakini aibu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Geneva waitazame Afrika. Maandiko yakisha kukubaliwa, yasomwe kwa sauti kila mwaka mbele ya wanachama wote, hesabu ya kazi ikiwa mezani, na mtu yeyote awe na ruhusa ya kuuliza: nani ametajwa humu, nasi hatujamfikia?