Hiyo X Nyekundu Kwa Ukuta wa Base Yetu

Wiki mbili zimepita tangu mtu aje na kopo la rangi akachora X kubwa kwa mabati ya base yetu hapa Riruta, kando ya Naivasha Road. Mchana hiyo base ni hoteli: chapo, madondo, matumbo, chai ya mbao. Jioni viti ni vile vile, lakini spika inatolewa, taa inageuka nyekundu na hakuna mtu anakumbuka chai. Nilipoacha kampasi mwaka wa pili juu ya fee, mathe wa hapo alinilisha kwa deni miezi minne. Kwa hivyo msiniambie nitulie.

Niliposti picha ya hiyo X. Msee mmoja akajibu: "Ni kibanda tu, kwani kina historia gani?" Sawa. Vuta kiti.

Anza na hii: kabla ya uhuru, Riruta haikuwa Nairobi. Ilikuwa Kiambu, upande wa mashamba ya Wakikuyu, na Dagoretti ilimezwa na jiji mipaka ilipopanuliwa mwaka wa 1963. Ndani ya mji wenyewe, wakoloni walikuwa wamejipa haki ya kuwa wao peke yao wa kuuzia Waafrika pombe ya kienyeji, kwenye kumbi za manispaa, na faida ikabaki kwa manispaa. Ukipika yako, unashikwa. Whisky na ndugu zake, Mwafrika hakuruhusiwa kununua hadi miaka ya 1950. Watu wakajifunza mapema kwamba kinywaji hukaa nyuma ya kitu kingine. Kule Kibera, familia za Wanubi, wale wanajeshi wa KAR waliopewa msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, jini yao ilijulikana mji mzima. Iliuzwa nyumbani, na mnunuzi alikuwa "mgeni" amekuja kusalimia.

Upande wetu tulikuwa na nyama. Machinjio ya Dagoretti Market yamelisha jiji hili miaka mingi. (Nimesema Dagoretti Market, sio Dagoretti Corner. Kuna watu wamelipa fare mara mbili juu ya kuchanganya hizo mbili.) Baada ya uhuru ikashamiri ile ndoa unaipata kila kona ya Kenya: baa na bucha. Mbele kuna dirisha, nyama imening'inia. Unaonyesha kwa kidole, inapimwa kilo, inaenda kwa moto, wewe unaingia nyuma kungoja. Na biashara yote iko kwa huko kungoja. Nyama ya mbuzi haitaki haraka, na sijawahi kuona mtu mzima akikaa saa nzima na glasi ya maji. Ndio maana mabango ya zamani yanasema "Bar & Butchery" kama jina la mtu mmoja. Mengine yanaongeza "Day & Night Club", na ukiangalia chini kabisa, "Boarding & Lodging". Hiyo ya mwisho muulize babako.

Halafu sheria zikaendelea kuja, na kila moja ikatusukuma ndani ya hoteli zaidi. Mwaka wa 1980 chang'aa ikapigwa marufuku. Haikuisha, ilihamia jikoni. Mwaka wa 2010 ikarudishwa kwa sheria mpya ya vileo, ile watu waliita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni. Sheria hiyo hiyo ikasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Sasa fikiria wewe ndio mathe. Rent ya kibanda ni ya siku nzima, lakini unaruhusiwa kuuza bia saa sita tu. Utafanya nini asubuhi? Utakanda unga. Hizo chapo mnazosifu mkiwa na hangover, naona ziko mezani juu ya hiyo hesabu.

Corona ndio ilimaliza mchezo. Machi 2020 baa zikafungwa, kafyu ikaanza saa moja jioni. Wazee wa base walicheka, wakasema hii ni ya ngapi: wazazi wao walifungiwa wakati wa Emergency, wao wakafungiwa tena baada ya mapinduzi yaliyofeli ya Agosti 1982. Hoteli zikaruhusiwa kufunguliwa polepole kwa masharti, na ghafla kila baa Nairobi ikawa hoteli. Mezani soseji moja baridi, haijaguswa, imezungukwa na chupa nne. Ile soseji ilikuwa leseni. Serikali ikashtuka, na tarehe 27 Julai Rais Uhuru akapiga marufuku pombe kwa hoteli kwa siku 30. Kafyu yenyewe iliondoka Oktoba 2021. Base yetu ilipona kwa sababu ya matumbo pekee. Jirani yake, aliyekuwa akiuza bia tu, alirudi ushago na hakurudi.

Kwa hivyo ukiuliza kibanda kina historia gani, ni hiyo. Miaka karibu mia ya watu kuambiwa wanywe wapi na saa ngapi, na wanawake na sufuria zao wakipata njia ya kupita. Sijasema kila kitu kilikuwa kizuri. Kuna wazee wamelala njaa mita mbili kutoka kwa sufuria iliyojaa, juu pesa iliishia upande wa pili wa chumba. Mathe mwenyewe ameshawahi kumfukuza mteja akamwambia apeleke hiyo mia tano nyumbani kwanza. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa na mtoto wake, wakala ndengu.

Barabara lazima ipanuliwe, najua. Ngong Road ilipanuliwa hadi Dagoretti Corner, na leo nikipita pale siwezi kukuonyesha vibanda vilikuwa wapi. Hicho ndicho kinaniuma, maana hakuna aliyepiga picha.

Mimi nimeanza. Jana nimepiga picha ya menyu ya chaki, jiko, lile benchi lenye mguu wa tofali, na daftari la madeni (jina langu liko ukurasa wa tisa, limekatwa, nililipa). Kama guka wako ana picha ya baa na bucha yoyote ya Satellite, Kawangware 46 au Corner, hata kama bango linaonekana nusu, nitumie DM. Mathe amesema anahama Jumamosi.