Kompyuta ikinyamaza: historia fupi ya ping

Leo tuzungumze juu ya amri moja ndogo ambayo kila anayejiita fundi wa kompyuta ameitumia, na ambayo mimi iliwahi kunipotezea Jumamosi nzima. Amri yenyewe ni ping.

Ilikuwa mwaka wa 2005, hapa Nairobi. Nilikuwa na kompyuta ya mezani, na binamu yangu akaja na laptopu akitaka nimnakilie mafaili yake. Flashi tuliyokuwa nayo haikutosha, kwa hivyo tukaamua kuunganisha mashine hizo mbili kwa waya. Nikaipa moja anwani 192.168.0.1 na nyingine 192.168.0.2, nikaandika ping, nikangoja. "Request timed out." Mara nne. Nikakata vichwa vya waya, nikafunga vingine. Mara nne tena. Nikashuka Luthuli Avenue kununua vichwa zaidi. Kufikia magharibi nilikuwa nimeufunga waya ule mara tatu, na binamu alikuwa ameshalala kwenye kochi.

Kumbe waya haukuwa na kasoro tangu mara ya kwanza. Ili nieleze kilichotokea, inabidi turudi nyuma hadi 1983.

Mwaka huo Mike Muuss alikuwa akifanya kazi katika Ballistic Research Laboratory, maabara ya jeshi la Marekani iliyokuwa Aberdeen, jimbo la Maryland. Mwezi Julai alihudhuria mkutano wa DARPA nchini Norway, na huko akamsikia David Mills akieleza jinsi alivyokuwa akipima muda ambao ujumbe huchukua kwenda na kurudi mtandaoni. Njia ya kufanya hivyo ilikuwepo tayari. Katika itifaki ya ICMP, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka wa 1981, kuna ujumbe wa aina mbili: aina ya 8 inaomba mwangwi, na aina ya 0 inaurudisha. Kwa lugha yetu, mmoja anapiga hodi na mwingine anaitika karibu.

Desemba ikafika, na mtandao wa maabara ukaanza vituko. Muuss akakumbuka maneno ya Mills, akaketi kuandika programu. Ilipokamilika ikakataa kufanya kazi, kwa sababu kerneli ya mashine yake haikuruhusu programu kutuma ujumbe wa ICMP moja kwa moja. Akapandwa na hasira, akaiandika na sehemu hiyo ya kerneli usiku huo huo, na kabla jua halijachomoza kila kitu kikawa kinafanya kazi. Lakini kabla hajarusha ping yake ya kwanza, mwenzake alikuwa ameshaiona hitilafu na kuirekebisha. Ilikuwa ya vifaa tu! Programu iliyokuja kutumiwa dunia nzima haikuhitajika siku ilipozaliwa.

Jina alilitoa baharini: ni mlio wa sonari, kile chombo cha manowari kinachotuma sauti na kusikiliza ikirudi. Kuna wanaodai kwamba ni kifupisho cha maneno marefu, lakini Muuss mwenyewe aliyakana hayo. Alipenda pia kusimulia kisa cha fundi mmoja aliyekuwa na mtandao unaokatikakatika. Fundi huyo aliunganisha ping na programu ya kutamka maneno, akaongeza sauti ya redio yake hadi mwisho, halafu akazunguka jengo zima akitikisa waya mmoja baada ya mwingine huku kompyuta ikipayuka "ping, ping, ping". Mahali iliponyamaza, ndipo palipokuwa na ubovu. Muuss alifariki Novemba 2000 katika ajali ya barabarani.

Angalieni jambo moja katika kisa hicho. Fundi yule aliamini kwamba ukimya una maana moja tu: njia imekatika. Na wakati huo alikuwa sahihi. Mwaka wa 1989 sheria za intaneti, katika waraka uitwao RFC 1122, ziliandika wazi kwamba kila mashine ni lazima iitike mwangwi. Si hiari. Ukipiga hodi usipojibiwa, hakuna mtu au hakuna njia.

Halafu wakaja wezi. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulienea katika kompyuta za Windows bila mtumiaji kubofya chochote. Baada yake ukaja Welchia, na huu ulikuwa ukitumia ping yenyewe: unapiga hodi kwanza, ukiitikiwa unajua nyumba ina watu, unavamia. Mwaka wa 2004 Sasser nao ukafuata. Agosti mwaka huo Microsoft ikatoa Service Pack 2 ya Windows XP, na ndani yake fayawoli ikawashwa kwa kila mtu bila kuulizwa. Fayawoli hiyo haikuruhusu ping kutoka nje iitikiwe, mpaka mwenye mashine akubali, kwa mfano kwa kuruhusu kushiriki mafaili.

Siwalaumu. Ila hakuna aliyetuambia sisi mafundi wa nyumbani kwamba maana ya ukimya imebadilika. Tuliendelea kukata waya.

Mashine zetu zote mbili siku ile zilikuwa na SP2. Taa ya kijani kwenye kadi ya mtandao ilikuwa ikiwaka muda wote, nami sikuitilia maanani. Saa nne usiku, kwa kukata tamaa tu, nikaandika arp -a. Hapo nikaona 192.168.0.2 na mbele yake tarakimu kumi na mbili za kadi ya laptopu.

ARP ni itifaki ya 1982, kazi ya David Plummer. Kabla kompyuta haijatuma chochote kwa jirani kwenye mtandao wa nyumbani, huuliza kwa sauti: nani mwenye anwani hii? Mwenyewe hujibu kwa namba ya kadi yake, na fayawoli ile haikuingilia mazungumzo hayo. Ni kama kukuta viatu mlangoni. Mtu yumo, hataki kuitika.

Kwa hivyo ping ikikunyamazia, usiguse waya kwanza. Andika arp -a papo hapo (kwenye Linux, ip neigh). Ukiona namba ya kadi, waya ni mzima na mashine ipo, nenda kwenye fayawoli. Usipoiona, au Linux ikikuandikia FAILED, hapo ndipo uangalie waya, anwani, au kama simu na kompyuta zimeingia kwenye Wi-Fi ya wageni, maana ruta nyingi za sasa huwatenga wageni wasionane.

Nilipoweka alama kwenye kisanduku cha kushiriki mafaili, laptopu iliitika mara moja. Mafaili yalipita kwa dakika chache, nikamwamsha binamu ale chakula kilichopoa. Waya ule wa kuvuka bado ninao kwenye sanduku. Kadi za siku hizi zinajigeuza zenyewe, hata hauhitajiki tena.