Jinsi wanafunzi wa biashara wanavyoweza kupata mafunzo ya nyanjani Thika na Ruiru na kuhakikisha yanahesabiwa

KATIKA vyuo vingi nchini Kenya, mwanafunzi wa biashara aliyefaulu mitihani yake yote bado anaweza kukosa jina lake katika orodha ya mahafali kwa sababu moja tu: mafunzo ya nyanjani. Ama hakuyafanya, ama aliyafanya bila kufuata utaratibu, na alama zake hazikuingia katika rekodi za chuo.

Suala hili linawagusa sana vijana wanaosomea katika ukanda wa Barabara Kuu ya Thika. Mjini Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Gretsa na Chuo cha Kiufundi cha Thika. Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech na kampasi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kati ya miji hiyo miwili, pale Juja, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Vyote hivi hufundisha kozi za biashara, na wanafunzi wao wengi husaka nafasi katika kipindi kimoja, hasa likizo ndefu ya kuanzia Mei hadi Agosti.

Kwa hivyo, anayengoja mpaka mitihani iishe ndipo aanze kubisha hodi maofisini, hukuta meza zimejaa.

Tofauti ya atachimenti na uanagenzi

Kuna maneno mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara, na mkanganyiko huo huwagharimu wengi. Mafunzo ya nyanjani, au atachimenti kama wanafunzi wanavyoyaita, ni ya mwanafunzi ambaye bado anasoma. Ni sehemu ya kozi, husimamiwa na chuo na hutolewa alama. Mara nyingi huchukua wiki nane hadi 12.

Uanagenzi, kwa upande mwingine, aghalabu ni wa mtu aliyekwisha kuhitimu na anayetafuta uzoefu wa kazi. Mpango wa uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, ulioanzishwa mwaka 2019, ni wa waliohitimu, huchukua miezi 12 na washiriki hupewa marupurupu ya kila mwezi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hawezi kuutumia mpango huo kukamilisha kozi yake.

Kutokana na tofauti hiyo, barua ya maombi inapaswa kueleza bayana kinachotafutwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba anaomba 'uanagenzi' ilhali anahitaji atachimenti anaweza kuwekwa katika faili isiyo yake, na asipate jibu lolote.

Nafasi za Thika

Thika ni mji wa viwanda tangu zamani, na kuna walioubandika jina la Birmingham ya Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 250,000 mjini humo. Miongoni mwa kampuni zinazojulikana ni Bidco Africa, inayotengeneza mafuta ya kupikia na sabuni. Del Monte, yenye mashamba makubwa ya mananasi na kiwanda cha kusindika matunda. Thika Cloth Mills ya vitambaa. Kenya Vehicle Manufacturers ya kuunganisha magari. Na Capwell Industries ya unga na mchele.

Wanafunzi wengi wa biashara huvipita viwanda hivi wakidhani ni vya wahandisi pekee. Ukweli ni kwamba kila kiwanda kina idara ya uhasibu, ununuzi, stoo, mauzo, usafirishaji na rasilimali watu. Anayesomea ununuzi na ugavi huenda akajifunza mengi zaidi katika stoo ya kiwanda, anakohesabu malighafi zinazoingia na bidhaa zinazotoka, kuliko katika ofisi ya jijini anakokaa akisubiri kutumwa.

Aidha, mashirika ya umma yasisahauliwe. Kampuni ya maji ya Thika, THIWASCO, ina wateja wa kutozwa ankara kila mwezi na madeni ya kufuatiliwa. Hospitali ya Thika Level 5 ina wahasibu na maafisa wa ununuzi. Halmashauri ya Mapato, KRA, ina ofisi mjini humo, na Kituo cha Huduma hutoa funzo zuri kwa anayesomea usimamizi au huduma kwa wateja.

Nafasi za Ruiru

Ruiru, ambayo kwa miaka mingi ilizungukwa na mashamba ya kahawa, imekua kwa kasi. Sensa ya 2019 iliupa mji huo zaidi ya wakazi 490,000, karibu mara mbili ya Thika. Makao ya kampuni ya maziwa ya Brookside yako huko, na vilevile kiwanda cha chuma cha Devki. Tatu City, mji mpya wenye hadhi ya ukanda maalumu wa kiuchumi, umevutia maghala, viwanda na kampuni za huduma. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa nayo ina makao yake Ruiru, na kampuni ya maji ya Ruiru-Juja, RUJWASCO, inahudumia eneo hilo.

Ongezeko la watu limezaa biashara nyingine ambazo mwanafunzi anaweza kuzitazama: maduka ya jumla, kampuni za kuuza mashamba na nyumba, hospitali za kibinafsi, shule, benki na vyama vya akiba na mikopo. Ofisi ndogo ya ukaguzi wa hesabu yenye wafanyakazi watano haina jina kubwa la kuandika katika wasifu, lakini mwanafunzi wa uhasibu huko huweza kushika vitabu vya wateja kadhaa, kuandaa marejesho ya kodi na kulinganisha taarifa za benki na daftari la fedha. Katika benki kubwa, huenda mwanafunzi yuyo huyo akakaa miezi mitatu akipanga faili.

Namna ya kuomba

Hatua ya kwanza ni kuchukua barua ya utambulisho kutoka chuoni. Barua hiyo huonyesha kwamba mwombaji ni mwanafunzi halisi, kozi anayosomea, na kipindi anachotakiwa kuwa kazini. Bila barua hiyo, waajiri wengi hawaendelei kusoma.

Pili ni barua ya maombi ya ukurasa mmoja. Itaje idara inayolengwa, tarehe za kuanza na kumaliza, na mambo mawili au matatu ambayo mwanafunzi tayari anaweza kufanya: kwa mfano kutumia programu ya mahesabu kwenye kompyuta, kuandaa mizania, au kuzungumza na wateja kwa Kiswahili na Kikuyu. Wasifu uwe mfupi, na uambatishwe nakala ya kitambulisho cha kitaifa na matokeo ya masomo.

Tatu ni bima. Ofisi nyingi, hasa za serikali, hudai mwanafunzi awe na bima ya ajali ya kibinafsi kabla ya kuingia kazini. Baadhi ya vyuo huiweka bima hiyo katika karo, na vingine humwachia mwanafunzi ainunue. Ni vyema kuuliza mapema badala ya kugundua siku ya kuripoti.

Maombi yapelekwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuanza. Anayetaka nafasi ya Mei aanze Januari au Februari. Anayepeleka barua kwa mkono aombe nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha afuatilie kwa simu baada ya wiki mbili. Kuomba mahali pamoja na kukaa kungoja ni kujiponza. Maombi kumi si mengi katika ukanda wenye vyuo vingi kiasi hiki.

Mwanafunzi pia anaweza kutafuta usaidizi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, husimamia mafunzo ya aina hii. Waajiri hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi ili kugharamia mafunzo. Kwa hivyo, mwanafunzi anapobisha hodi haombi sadaka. Anaingia katika mpango ambao sheria inautambua na ambao mwajiri tayari anauchangia.

Jinsi mafunzo yanavyohesabiwa

Chini ya Mfumo wa Kitaifa wa Ufuzu, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2014, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Mwanafunzi anayefanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12, hutimiza saa 480, ambazo kwa kipimo hicho ni krediti 48. Baadhi ya mitaala ya vyuo vya kiufundi hutumia hesabu hiyo hiyo. Vyuo vikuu navyo huamua vyenyewe uzito wa atachimenti katika kila kozi, kwa hivyo mwanafunzi hana budi kusoma kijitabu cha kozi yake.

Hata hivyo, saa pekee hazitoshi. Kosa linalowaangusha wengi ni kufanya kazi kabla ya kusajili somo. Atachimenti ni somo kama masomo mengine: lina namba yake, husajiliwa katika mfumo wa chuo na hulipiwa karo. Aliyefanya kazi miezi mitatu bila kulisajili anaweza kuambiwa arudie, hata akiwa na barua ya sifa kutoka kwa mwajiri.

Baada ya kuripoti kazini, mwanafunzi hujaza fomu ya kuthibitisha kuwa ameanza, na kuirejesha chuoni. Fomu hiyo ndiyo humjulisha mhadhiri mahali pa kumtembelea. Anayebadilisha ofisi au tawi bila kuarifu chuo huweza kukosa ziara hiyo, na pamoja nayo alama.

Kwa kawaida alama hutoka sehemu tatu: tathmini ya msimamizi wa kazini, tathmini ya mhadhiri anayemtembelea mwanafunzi, na ripoti ambayo mwanafunzi huiandika mwishoni. Uti wa mgongo wa zote ni daftari la kumbukumbu za kazi, linalojazwa kila siku na kutiwa sahihi na msimamizi kila wiki. Daftari lililojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja hujitambulisha lenyewe, na msimamizi aliyekwisha kuhamishwa hawezi kurudi kutia sahihi.

Kwa wanaosomea CPA, silabasi ya Kasneb iliyoanza kutumika mwaka 2021 inatilia maanani uzoefu wa kazi kabla ya mtu kupewa cheti. Ni busara kwao kuweka rekodi za kila kazi waliyoifanya na nani aliwasimamia.

Gharama na matapeli

Mafunzo mengi ya nyanjani hayana malipo. Mwanafunzi hana budi kupiga hesabu ya nauli, chakula cha mchana na kodi ya nyumba kabla ya kukubali nafasi. Anayeishi karibu na chuo Thika na kupata nafasi Ruiru atapanda matatu mara mbili kila siku kwa wiki 12. Kwa familia yenye uwezo mdogo, ofisi ya karibu anayoweza kuifikia kwa miguu huenda ikawa bora kuliko kampuni yenye jina kubwa iliyo mbali. Si aibu kumuuliza mwajiri kama kuna chakula cha mchana au usafiri wa wafanyakazi.

Uhaba wa nafasi umewapa matapeli riziki. Kanuni ni moja: nafasi ya atachimenti hainunuliwi. Anayedai 'ada ya usajili' au 'pesa ya chai' kupitia simu, au anayemtaka mwanafunzi akutane naye mkahawani badala ya ofisini, aepukwe na aripotiwe. Kadhalika, anayeomba mapenzi ili atoe nafasi au sahihi anavunja sheria, na mwanafunzi ana haki ya kulifikisha suala hilo kwa afisa wa atachimenti wa chuo au kwa polisi.

Kazi isipokuwa funzo

Wapo wanaofika ofisini na kujikuta wakitumwa chai na kutoa nakala za karatasi mwezi mzima. Badala ya kununa, mwanafunzi aandike orodha fupi ya mambo ambayo kozi yake inamtaka ajifunze, ampelekee msimamizi kwa heshima, na aombe azungushwe katika idara tofauti. Lisipobadilika neno, amwarifu mhadhiri mapema, wakati bado kuna wiki za kuokoa, wala asingoje kuandika malalamiko katika ripoti.

Naye aliyekosa nafasi kabisa asighushi barua. Vyuo huwatuma wahadhiri, na wahadhiri hupiga simu. Adhabu ya udanganyifu ni kubwa kuliko kuchelewa muhula mmoja. Afadhali aende kwa mkuu wa idara aombe kuahirishiwa hadi kipindi kingine, jambo ambalo vyuo vingi huruhusu, kisha aelekeze maombi yake kwa miezi ya Septemba hadi Desemba au Januari hadi Aprili, wakati foleni maofisini ni fupi.

Siku ya mwisho kazini, mwanafunzi asiondoke kabla ya kupata vitu vitatu: daftari lililotiwa sahihi na kugongwa muhuri, fomu ya tathmini iliyofungwa katika bahasha, na barua ya kuthibitisha kipindi alichofanya kazi. Abaki na nakala ya kila karatasi anayoiwasilisha chuoni. Alama zinapopotea, kama inavyotokea, nakala hizo ndizo zitakazomtetea mbele ya idara, naye atalazimika kuzionyesha kabla orodha ya mahafali haijafungwa.