Vikao 257 vya Kesi ya Shoko Asahara

Mnamo Machi 2024 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliiamuru serikali ya Japani imkabidhi binti wa pili wa Shoko Asahara, kiongozi wa dhehebu la Aum Shinrikyo, majivu na nywele za baba yake, vitu ambavyo tangu aliponyongwa tarehe 6 Julai 2018 vilikuwa vimezuiliwa jela, kwa kuwa wakubwa wa dola walichelea kwamba popote vitakapowekwa patageuka mahali pa ziara kwa wale wanaomtukuza hata leo. Hivyo mtu ambaye kesi yake ilidumu karibu miaka minane katika daraja ya kwanza peke yake ameendelea kuwashughulisha mahakimu hata baada ya mauti yake. Na ilipotimia miaka 30, Machi 2025, tangu sumu imwagwe ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo, jamaa za waliokufa walikuwa wamekwisha kukata tamaa zamani ya kuisikia sababu ya msiba wao kutoka kinywani mwake.

Asahara, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Chizuo Matsumoto, alizaliwa mwaka 1955 katika mkoa wa Kumamoto akiwa na upungufu wa kuona, akasomeshwa katika skuli ya vipofu, akashika kazi ya tiba ya sindano na uuzaji wa dawa za miti, na mwaka 1982 akatozwa faini kwa kuuza dawa za ghiliba. Darasa la yoga alilolifungua baadaye likageuka, kufikia mwaka 1987, kuwa dhehebu liitwalo Aum Shinrikyo, lililovuta maelfu ya wafuasi, baadhi yao madaktari na wataalamu wa kemia na fizikia waliohitimu vyuo vikuu vyenye sifa. Novemba 1989 wafuasi wake walimuua wakili Tsutsumi Sakamoto, aliyekuwa akizitetea familia zilizonyang'anywa watoto wao na dhehebu hilo, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Februari 1990 Asahara na wenziwe 24 waligombea viti vya bunge wakashindwa wote. Na Juni 1994 sumu ya sarini iliyomwagwa na wafuasi wake ikaua watu usiku katika mji wa Matsumoto.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 20 Machi 1995, watu watano walipanda treni tano zilizokuwa zikielekea Kasumigaseki, mtaa wa wizara na mahakama, kila mmoja akiwa na mifuko ya plastiki iliyotiwa sarini na kuviringishwa kwa gazeti, wakaiweka sakafuni, wakaitoboa kwa ncha za miavuli zilizonolewa makusudi, kisha wakashuka. Naibu mkuu wa stesheni ya Kasumigaseki, aliyeliondoa furushi moja ndani ya behewa na kuyafuta majimaji yaliyomwagika, aliaga dunia siku ile ile. Watu 13 walihesabiwa kufa kwa tukio hilo, akaongezeka mmoja mwaka 2020 aliyekuwa kitandani kwa miaka 25, na waliodhurika wakapita 5,000. Mnamo Mei 16 polisi walimkuta Asahara amejilaza katika kijichumba cha siri ndani ya jengo la dhehebu huko Kamikuishiki, chini ya mlima Fuji, na pembeni yake mamilioni ya yen taslimu.

Kesi ilikusudiwa kuanza Oktoba 1995, lakini katika mkesha wa kuanza kwake mshtakiwa alimfukuza wakili wake, na mahakama ikalazimika kumteulia jopo la mawakili 12. Ilipofunguliwa tarehe 24 Aprili 1996, watu 12,292 walipanga foleni kuwania viti 48 vya wasikilizaji, katika mahakama iliyo karibu na stesheni ile ile ya Kasumigaseki; na jaji alipomwuliza mshtakiwa jina lake, alijibu kwamba lile la Matsumoto amekwisha kulitupa. Alipotakiwa kukiri au kukana, alitoa mawaidha machache ya dini, wala hakukiri wala hakukana.

Kiini cha kesi yote kilikuwa safari ya gari. Alfajiri ya tarehe 18 Machi 1995, Asahara na wakuu wachache wa dhehebu walipokuwa wakirejea kutoka karamu Tokyo, ndimo ndani ya gari yalimozungumzwa mashauri ya kuikwepa polisi iliyokuwa karibu kuwavamia. Na Hideo Murai, mkuu wa wanasayansi wa dhehebu, ndiye aliyetoa rai ya kumwaga sarini. Murai aliuawa kwa kisu hadharani Aprili 1995, akaenda na siri zake, hata ikawa kwamba mzigo wa kuithibitisha idhini ya mwalimu ukaangukia mabega ya waliobaki hai, na wa kwanza wao ni Yoshihiro Inoue, kijana wa miaka 26 aliyejiunga na Asahara tangu angali mwanafunzi wa skuli, akapanda daraja hata akawa msimamizi wa upelelezi wa dhehebu. Septemba 1996 Inoue alisimama mbele ya mtu aliyemtii kwa miaka mingi, akaeleza yaliyosemwa ndani ya gari lile, na akashuhudia kwamba mwalimu aliridhia.

Utetezi wa mawakili ulikuwa mmoja, nao ni kwamba wanafunzi walivuka mipaka na kutenda bighairi ya amri ya mwalimu wao. Kwa hiyo ilipofika Oktoba zamu ya kumhoji Inoue na kuubomoa ushahidi wake, walikuwa wameifikia saa waliyoingojea. Hapo mshtakiwa mwenyewe akaingilia kati, akataka mahojiano yakome, akimsifu kijana yule kuwa ni mtu aliyefikia daraja kubwa ya kiroho, na akatamka kwamba lawama zote ni zake yeye. Kwa neno hilo aliwanyang'anya mawakili wake silaha yao ya pekee. Wala haikujulikana kama alinena kwa majuto, au kwa kiburi cha mwalimu asiyeweza kustahimili kumwona muridi wake akihojiwa na watu wa dunia. Tangu hapo alizidi kuvuruga vikao kwa manung'uniko hata akatolewa nje mara kadha wa kadha. Aprili 1997 alitoa kauli ndefu yenye Kiingereza cha kubabaisha, akakana mashtaka karibu yote. Kisha akanyamaza, na kimya hicho hakukivunja tena kwa maneno yenye maana.

Waliosema ni wengine. Daktari Ikuo Hayashi, aliyeutoboa mfuko uliomuua naibu mkuu wa stesheni, alikiri yote huku akilia, na mwaka 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha, ilhali wenziwe wanne walioshika miavuli walihukumiwa kifo. Mwandishi Haruki Murakami, aliyewahoji watu wapatao 60 waliokumbwa na gesi ile kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1997, alilalamika kwamba nchi nzima imemkodolea macho mwovu, na abiria wa kawaida wamekuwa kama vivuli nyuma yake. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, kwani hata upande wa mashtaka, ili kuharakisha mambo, uliyaondoa katika hati ya mashtaka majina ya maelfu ya majeruhi, ukabakisha machache.

Baada ya vikao 257, tarehe 27 Februari 2004, Jaji Shoji Ogawa alisoma sababu kwanza na adhabu mwisho, akamtia Asahara hatiani kwa makosa 13 yaliyogharimu roho za watu 27, akaamuru anyongwe. Rufani haikupata kusikilizwa: mawakili wapya, waliodai kwamba hawawezi kuelewana na mteja wao kwa kuwa akili yake imeharibika, walichelewesha hati ya sababu, na mahakama kuu ikaitupilia mbali rufani tarehe 27 Machi 2006, siku moja kabla ya ile waliyoahidi kuiwasilisha. Septemba mwaka huo hukumu ikawa ya mwisho. Na Julai 2018 Asahara na wafuasi 12, Inoue akiwamo, walinyongwa katika muda usiotimia mwezi.

Wajapani wana haki ya kujivunia kwamba hawakumhukumu mtu huyu kwa ghadhabu, na kwamba uzito wa kesi hii ulichangia sheria ya mwaka 2003 inayotaka kesi za daraja ya kwanza zimalizike ndani ya miaka miwili. Lakini subira iliyotumika kumbembeleza mwalimu aseme ingalifaa zaidi kama ingalitumika kuwasikiliza waliodhurika, ambao baadhi yao macho hayajapona. Aleph, kundi lililorithi dhehebu, lingali na wafuasi na linadaiwa fidia ya zaidi ya yen bilioni 1 kwa hukumu iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2020. Majivu ya Asahara yana madai yake mahakamani. Fidia hiyo nayo ni deni, na dola iliyoweza kuvumilia vikao 257 isishindwe kulidai hadi senti ya mwisho.