Digrii Chache kati ya Bawa na Mkia

Wandugu wasomi, sisi wa Mapendo ndege zinapita karibu na mabati yetu kila siku. Na ile tarehe 24/11/2019 hatujaisahau: Dornier 228 iliruka kutoka uwanja wa Goma, ikaangukia nyumba za mtaa wetu, watu zaidi ya 20 wakafa. Sababu za ile ajali si habari ya leo. Lakini njo maana kijana wa hapa akisema "nitajijengea ndege yangu", tunacheka huku tunaogopa.

Basi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1871, kule Paris, kijana Alphonse Pénaud alirusha kindege kidogo cha raba iliyosokotwa. Kilikaa hewani sekunde 11, bila mtu wa kukiongoza. Juu ya nini hakikupinduka? Uzito ulikaa mbele, na mkia ulifungwa kwa pembe ndogo kuliko ya bawa. Pua ikishuka, mwendo unaongezeka, upepo unasukuma mkia chini, pua inainuka yenyewe. Tofauti ya digrii chache tu!

Miaka 60 baadaye akatokea Mfaransa mwingine, Henri Mignet. Mwaka 1933 alirusha HM.14, ndege ya mbao na kitambaa, iliyopewa jina Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kufundisha mtu wa kawaida kujijengea ndege hiyo nyumbani. Ufaransa na Uingereza, watu wakakimbilia misumeno na gundi. Haikuwa na mkia wa kawaida: ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele, lingine nyuma. Rubani alibadilisha pembe ya lile la mbele.

Halafu vifo vikaanza. Ndege inainamisha pua, rubani anavuta usukani, lakini haiinuki, inazidi kushuka. Mwaka 1936 wataalamu wa Farnborough na wa Chalais-Meudon waliipima ndani ya handaki la upepo, wakaona kosa. Rubani akivuta, ukingo wa bawa la mbele unasogea karibu sana na bawa la nyuma, hewa inapita kwa kasi katikati, bawa la nyuma linanyanyuka na pua inazama. Uingereza ikaacha kutoa vibali. Mignet naye akarudia michoro, akarekebisha pembe na nafasi ya mabawa.

Wandugu, tuko na mafundi wa chukudu wanaopima kwa jicho, na kazi yao tunaiheshimu kabisa. Chukudu ikikosewa unaanguka kwenye mawe ya volkano, unajipangusa, unarekebisha. Ndege haikupi nafasi hiyo, na chini yake kuna nyumba za watu.

Kijana mwenye ndoto hiyo tusimcheke. Tumwulize tu: kabla ya kutia gundi, pembe umepima kwa nini? Bawa la kushoto na la kulia ziko sawa? Na nani mwingine amepima kisha wewe?