Miaka Zaidi ya 50 ya Kujifunza Kulegea

Wasee, hii stori inaanza kwa hosteli. Mwaka ni 1957, Montreal, Kanada. Thomas Chang, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, anajaribu kutengeneza seli ya damu akiwa chumbani kwake. Kati ya vifaa vyake kuna chupa ya kupuliza marashi. Anachukua himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, anaifunga ndani ya ngozi nyembamba ya kolodioni. Na inashika! Mwaka 1964 jarida la Science likachapisha kazi yake. Mimi hosteli nilitoka na ujuzi wa kupika Indomie tu.

Chang alitaka mbadala wa damu. Lakini wanaopiga picha za ndani ya mwili nao walikuwa na shida yao. Ukidungwa dawa ya kung'arisha mishipa kwa MRI, figo zinaanza kuichuja saa hiyo hiyo. Basi ifiche ndani ya chembe ya polima ikae kwa damu, ama? Shida ni kwamba mwili si mjinga. Ini na wengu hukamata wageni, na chembe kubwa hukwama kwenye mapafu.

Hapa ndipo naona watu walipotea. Kwa miaka mingi chembe nyingi zilikuwa mipira migumu, na kazi ikawa kupunguza saizi na kuzipaka kemikali zisitambulike. Na seli nyekundu yenyewe iko hapo tu! Upana wake ni kama maikromita 7 au 8, imebonyea katikati kama mandazi iliyokaliwa, na inajipenyeza kwa mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, siku 120. Inapita kwa sababu ni laini. Kama una ndugu mwenye selimundu, hili hukuhitaji maabara kulijua: seli zake zikikakamaa zinakwama, na maumivu yanaanza.

Mwaka 2009, kikundi cha Samir Mitragotri huko Santa Barbara, California, kilibonyeza mpira wa polima ukapata umbo la seli, kikaufunika kwa tabaka nyembamba, halafu kikayeyusha mpira wa ndani. Likabaki ganda laini. Lilipita kwa mirija myembamba kuliko lenyewe, na liliweza kubeba vichembe vya oksidi ya chuma vinavyoonekana kwa MRI.

Mwaka 2011, kikundi cha Joseph DeSimone huko North Carolina kikatumia hidrojeli. Ugumu ulipopunguzwa mara 8, muda wa chembe kuisha kwenye damu uliongezeka zaidi ya mara 30. Walilegeza tu!

Kwa panya, lakini. Mimi na wewe bado tunadungwa ile ya kukojolewa kabla siku iishe.